Miti Iliyopandwa Tunaijua. Iliyobaki Nani Anaihesabu?

Ukiuliza ngitili za Shinyanga, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu ili nyasi na miti virudi, zilikuwa hekta ngapi mradi wa kurejesha uoto wa HASHI ulipofungwa mwaka 2004, jibu litategemea umefungua kabrasha gani. Lipo linalosema hekta 300,000. Lipo linalosema 350,000. Yapo yanayopanda mpaka 500,000. Pengo kati ya namba ya chini na ya juu ni hekta 200,000, eneo kubwa kuliko kisiwa kizima cha Unguja.

Nalileta jambo hili kwa sababu HASHI haikuwa mradi uliofeli. Ndio mfano unaotajwa karibu kila penye mazungumzo ya kurejesha uoto katika nchi za joto: Hifadhi Ardhi Shinyanga, mradi wa serikali ya Tanzania ulioanza mwaka 1986 kwa msaada wa Norway, ukafanya kazi na watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF, na mwaka 2002 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kwa hiyo hata ukishika namba ndogo kabisa, kazi iliyofanyika ni kubwa mno. Lakini kama mfano wetu bora tunausimulia kwa kuacha Unguja nzima katikati, hayo maeneo mengine ambayo hayakupata watafiti wala tuzo tunayajua kwa kiasi gani?

Shinyanga haikuzaliwa jangwa. Ilikuwa nchi ya migunga na miombo, na ilikuwa na mbung'o, inzi wanaoambukiza ng'ombe maradhi. Kuanzia miaka ya 1920, enzi za Waingereza, vichaka vilifyekwa eneo baada ya eneo ili mbung'o wakose pa kujificha na ng'ombe wapate pa kuingia. Ikafuata pamba, ikidai mashamba mapya kila udongo ulipochoka. Mifugo ikaongezeka. Katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji: watu wakahamishwa kutoka kwenye maeneo yao ya zamani, na ngitili walizoziacha nyuma zikabaki hazina mwenyewe. Malisho yasiyo na mwenyewe hayakawii kwisha. Ilipofika miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alikuwa akiuita mkoa ule jangwa la Tanzania. Wanawake walitembea saa kadhaa kutafuta kuni, na palipokosekana kuni zilichomwa samadi kavu na mashina ya pamba. Mbolea ya shamba ikawa inaishia jikoni.

Ngitili yenyewe ni ujanja wa wafugaji wa Kisukuma, uliokuwapo kabla ya mradi wowote. Unachagua kipande na kukifunga mvua zinapoanza. Nyasi zinakua, na machipukizi ya migunga yanapata kupumua bila kung'atwa na mbuzi. Kiangazi kikikaza, Julai au Agosti hivi, unafungua sehemu kwa sehemu, na wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia, kwa sababu maksai akikonda Septemba hakuna wa kuvuta jembe mvua zikirudi. Kilichofanywa na HASHI ni kuutambua ujanja huo na kuupa nguvu. Miche na vitalu vilikuwepo, lakini sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikutoka kwenye kiriba. Ilitoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi, ikisubiri tu iachwe. Serikali za vijiji zikatunga sheria ndogo, dagashida, yaani baraza la jadi, likawaadhibu waliovunja, na sungusungu wakalinda. Katika vijiji 833 zikahesabika ngitili zaidi ya 18,000, karibu zote za kaya moja moja. Za vijiji na taasisi hazikufika 300, ingawa moja moja zilikuwa kubwa.

Uchambuzi wa kiuchumi uliofanywa mwishoni mwa mradi ulikadiria kwamba mazao ya ngitili, kuanzia kuni, nguzo na malisho mpaka asali, dawa na matunda, yalikuwa na thamani ya karibu dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Matumizi ya wastani ya Mtanzania wa kijijini wakati ule yalikuwa kama dola 8.50 kwa mwezi. Nyingi ya thamani hiyo haikupita mfukoni kama noti. Ilikuwa kuni ambayo hukuinunua na ng'ombe ambaye hakufa.

Sasa jaribu kuipima kwa macho ya satelaiti.

Landsat, msururu wa satelaiti za Marekani, imekuwa ikiipiga picha dunia tangu mwaka 1972, na tangu 2008 picha zake ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Pikseli yake moja, yaani nukta ndogo kabisa ya picha, ni mita 30 kwa 30, kidogo chini ya robo ekari. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza mwaka 2015, inashuka mpaka mita 10 na inarudi mahali palepale kila baada ya siku chache. Ni zana za ajabu, na anayezibeza hajawahi kujaribu kuzungukia wilaya nzima kwa pikipiki. Lakini ngitili inazitesa. Miezi isiyo na mawingu, ambayo ndiyo picha huwa safi, ndiyo miezi ambayo migunga mingi imepukutisha majani, nyasi zimeliwa au zimekauka, na penginepo moto umepita. Kutoka juu unaona rangi ya udongo. Februari kumekuwa kijani kila mahali, ngitili na shamba la mahindi la jirani pamoja, na juu yake wingu limetanda. Rada inayopenya mawingu inasaidia, ila nayo inataka mtu anayejua kuisoma.

Halafu kuna suala la urefu. Ramani ya dunia ya misitu iliyotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 2013, ambayo ndiyo msingi wa majedwali mengi yanayonukuliwa magazetini, inahesabu mti kuwa uoto unaozidi mita 5. Mgunga wa miaka minne uliochipua kwenye kisiki huko Meatu haujafika hapo, na kwa ramani hiyo haupo. Zaidi ya hayo, ramani ile ilitoa upotevu wa miti mwaka kwa mwaka, lakini ongezeko ikalitoa kwa kipindi kizima kwa mkupuo. Siwalaumu waliotengeneza. Mti huanguka kwa siku moja, na shimo lake linaonekana kwenye picha inayofuata. Mti hukua kwa miaka, kidogo kidogo, na picha ya mwaka huu haitofautiani sana na ya mwaka jana. Zana tulizonazo ni hodari wa kuona msitu ukifa. Kuuona ukifufuka ni kazi nyingine, na nchi zetu zimeahidi hiyo ya pili.

Mwaka 2023 watafiti walitoa ramani ya Afrika iliyochorwa kwa picha zenye pikseli ya mita 3 hivi, wakaona kwamba karibu asilimia 29 ya miti barani imesimama nje ya maeneo yaliyokuwa yakiitwa misitu: mashambani, kwenye malisho, kando ya nyumba. Yaani karibu theluthi moja ya mali yetu ya miti ilikuwa haiingii kwenye kitabu cha hesabu. Kwa mtu wa Usukumani hiyo si habari mpya, anaiona kila asubuhi akitoa ng'ombe. Kwa mpanga bajeti aliyeko Dodoma, ni habari kubwa.

Namba za taifa nazo zina mtego wake. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, iliyoanza mwaka 2009 na kutumia maelfu ya viwanja vya sampuli vilivyopimwa kwa miguu, ilitupa hekta milioni 48.1 za misitu na mapori, kama asilimia 55 ya Tanzania Bara. Ikatupa pia upotevu wa hekta 372,816 kwa mwaka. Baadaye taarifa ya serikali iliyopelekwa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya hesabu za kaboni ikaja na hekta 469,420 kwa mwaka. Ukiziweka sambamba, utasema ukataji umepanda kwa robo. Ila ya kwanza inahusu 1995 hadi 2010, ya pili 2002 hadi 2013. Vipindi vinapandana, na njia za kukokotoa si moja. Huwezi kutoa moja kwa nyingine ukapata mwelekeo. Hata hivyo ni rahisi sana mtu akazipanga hivyo kwenye hotuba, na ukumbini hakuna atakayenyoosha mkono.

Kwa ngitili, uzuri ni kwamba swali bado linaweza kujibiwa. Picha za Landsat za miaka ya 1980 zipo kwenye hifadhi, za 2004 zipo, za mwaka huu zipo. Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kina watu wanaojua kazi hiyo. Kinachokosekana kwenye picha ni mipaka: ngitili hii ya nani, ilifungwa mwaka gani, ilifunguliwa lini, ilipoliwa na shamba ilikuwaje. Hayo yako kwenye vichwa vya wazee, na wazee hao hawangoji. Tangu mradi ulipoondoka, baadhi ya ngitili zimegeuka mashamba na nyingine zimegawanywa kwa watoto mpaka zikawa vipande visivyolisha hata ndama. Ngapi? Hapo ndipo ningependa mtu anijibu kwa ramani na asinijibu kwa makadirio.

Nasisitiza Shinyanga kwa sababu ya ahadi iliyo mbele yetu. Mwaka 2015, Paris, ulizinduliwa mpango wa AFR100 wa kurejesha hekta milioni 100 za ardhi iliyochakaa Afrika ifikapo 2030. Rwanda ilikuwa imeshaahidi hekta milioni 2 tangu 2011. Kongo ya Kinshasa ikasema milioni 8, Burundi milioni 2, Uganda milioni 2.5, Kenya milioni 5.1. Tanzania ikaingia mwaka 2018 na milioni 5.2. Gawa namba hiyo kwa ngitili za HASHI: ni Shinyanga kumi, au kumi na saba, kutegemea umefungua kabrasha gani. Na Shinyanga moja ilichukua miaka 18, ikiwa na mradi, wafadhili na watafiti.

Jibu la viongozi wengi kwa hesabu ya aina hii ni miche. Kwetu kila halmashauri iliwekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Kenya imelenga miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 ikatangaza siku nzima ya mapumziko ili watu wapande, na kukawepo programu ya simu ya JazaMiti ya kusajili kila mche. Sina ugomvi na sherehe hizo. Mtoto aliyepanda mche siku ya mapumziko anaweza kuja kuwa bwana misitu. Ugomvi wangu ni na fomu. Fomu inayopanda ngazi kutoka kata kwenda wilaya, mkoa na wizara ina safu ya miche iliyozalishwa na safu ya miche iliyopandwa. Ikiwepo safu ya iliyopona, mara nyingi inajazwa ofisini, kwa asilimia nono zisizo na jasho.

Fanya hesabu ndogo. Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inabeba miti 1,111. Milioni 1.5 ni kama hekta 1,350. Ikipona yote, halmashauri imerejesha kipande cha heshima. Ikipona theluthi, ni hekta 450. Ikipona moja katika kumi, tumenunua viriba, tumekodi lori, tumepika chai ya wageni, tukapata hekta 135. Ripoti ya hali zote tatu inafanana neno kwa neno: miti milioni 1.5 imepandwa, lengo limefikiwa kwa asilimia 100.

Linganisha na kinachofanyika Dodoma kwa jina la kisiki hai. Nenda kwenye shamba la mtama baada ya mavuno. Utaona visiki vilivyokatwa mwaka juzi vimetoa machipukizi ishirini, thelathini, kimeonekana kichaka tu. Mkulima anayejua kazi hapangui kichaka chote. Anachagua machipukizi matatu mpaka matano yaliyonyooka na yenye afya, anakata mengine kwa panga kali kutoka chini kwenda juu ili ganda lisichanike, anapogoa matawi ya chini kwenye yale aliyoyaacha, kisha anafunga kitambaa cha rangi kwenye shina. Kitambaa kinamwambia mchungaji na mkata kuni: huu una mwenyewe. Mwaka unaofuata anarudi kupogoa tena, na kile anachokitoa ni kuni za jikoni. Mizizi ilishakaa ardhini miaka na miaka, kwa hiyo chipukizi halihitaji ndoo ya maji na linakimbia kuliko mche wowote wa kitalu. Wakulima wa kusini mwa Niger walirudisha miti kwa njia hii kwenye mashamba yapatayo hekta milioni 5 kuanzia miaka ya 1980, wengi wao bila mtu kuwahesabia.

Lakini kisiki hakina risiti. Hakuna zabuni ya kisiki, hakuna mgeni rasmi wa kukizindua, hakuna picha ya kiongozi ameshika koleo. Afisa wa wilaya anayetumia mwaka mzima kuwafundisha watu kupogoa atajaza sifuri kwenye safu ya miche iliyopandwa, na mwenzake aliyepanda miche ikafa atapongezwa. Fomu zikikaa hivyo, hata mtu mwadilifu ataegemea kwenye miche.

Niger inatufundisha na jambo jingine ambalo kwetu halisemwi kwa sauti. Huko kwa muda mrefu mti ulioota shambani ulihesabiwa kuwa mali ya serikali, na kuukata bila kibali ilikuwa kosa. Mkulima mwenye akili aliung'oa ungali mdogo, kabla haujawa kesi. Miti ilianza kurudi sheria na askari wa misitu walipolegeza kamba, mkulima akahesabika kuwa mwenye mti wake. Kwetu sheria ni pana zaidi. Tangu Sheria ya Misitu ya 2002, kijiji kinaweza kutangaza msitu wake wa hifadhi na kukusanya mapato yake, na vijiji vya Kilwa vilifika mbali mpaka mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha FSC, cha uvunaji endelevu wa misitu, kwa ajili ya mpingo wao. Lakini mninga au mpingo ukiota katikati ya shamba la mtu mmoja, bado kuna vibali vya kuvuna na hati za kusafirisha mazao ya misitu za kufuatilia, na mwenye ekari tatu ana sababu nzuri za kujiuliza kama usumbufu huo una faida. Hakuna satelaiti inayoona kibali. Inaona tu kwamba mti uliokuwepo haupo, au kwamba chipukizi halikukua, na mchambuzi aliye mbali ataandika sababu kuwa ni ukame.

Wakati huohuo ufuatiliaji wa kutoka juu umeanza kuingia mpaka kwenye mifuko ya wakulima. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya kuzuia bidhaa zilizotokana na ukataji wa misitu: kahawa, kakao, ng'ombe, mawese, soya, mpira na mbao. Anayeuza huko lazima aonyeshe kwamba shamba halikufyekwa kutoka msituni baada ya Desemba 31, 2020, na lazima atoe mahali shamba lilipo kwa vipimo vya GPS. Likizidi hekta 4, mpaka wake wote uchorwe. Tarehe ya kuanza kuitekeleza imeahirishwa zaidi ya mara moja, na wapo waliopumua. Mimi naona kuahirishwa huko ni muda wa kujiandaa, kwa sababu kahawa yetu ina tabia inayowachanganya wachora ramani.

Chukua kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga wa Kilimanjaro. Juu kuna mringaringa na mgrivea, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi na majani ya mifugo. Kutoka angani unaona matawi yaliyoshikana, na ramani ya dunia nzima inaweza kukipaka rangi ya msitu. Kwa maana ya kanuni yenyewe, ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo haihesabiki kuwa msitu, hata kama ina miti mirefu. Sheria inasema ni shamba, picha inasema ni msitu. Sasa mwenye kihamba akikata mringaringa mmoja au miwili apate mbao za kupaua nyumba ya kijana wake, jambo ambalo babu yake alilifanya na baba yake akapanda mwingine mahali pake, kwenye picha kunatokea tundu. Nani atamtetea? Atakayeweza kumtetea ni mwenye kumbukumbu: kihamba hiki kilikuwepo kabla ya 2020, mpaka wake ni huu, mti ulikuwa wa kupandwa. Kumbukumbu hizo zinakusanywa na vyama vya msingi na makampuni ya kununua kahawa, na kwa kawaida zinakaa kwenye kompyuta zao. Mkulima aliyesimama na kijana mwenye simu akizungukia mpaka wa shamba lake hubaki bila hata karatasi moja yenye ramani hiyo. Akihamia kwa mnunuzi mwingine, anapimwa upya. Hili halihitaji teknolojia mpya. Linahitaji chama cha msingi kilazimishwe kumpa mwanachama nakala yake.

Mahali ambapo nimeona kumbukumbu zikiwekwa kwa makini ni pale fedha zinapozifuata. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, na vijiji vinane vya milima ya Ntakata wilayani Tanganyika, Katavi, wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na misitu waliyoilinda. Walinzi wa kijiji wanapita msituni, wanaandika moto ulipowaka na mti ulipoangushwa, na maandishi yao yanasomwa pamoja na picha za satelaiti kwa sababu mnunuzi hatalipa bila hayo. Vijiji vya Katavi vimeingiza mabilioni ya shilingi, yakajenga madarasa na zahanati. Inavutia, ila sioni namna ya kuitegemea kila mahali. Soko la kaboni linapanda na kushuka kwa habari za mbali, na ngitili ya ekari mbili haiwezi kubeba gharama za wakaguzi wake. Ninachokichukua kutoka huko ni mgawanyo wa kazi: satelaiti inaonyesha pa kwenda kutazama, mwanakijiji anaeleza kilichotokea, na anayeamua ni mkutano wa kijiji ambao ramani imebandikwa ukutani mwake.

Ukutani hapo pana hofu, na hofu hiyo ina sababu. Watu wengi vijijini wamewahi kuona vijana wenye GPS wakipita, na miaka miwili baadaye bikoni za mipaka zikasimikwa na ng'ombe wakakamatwa. Ukimwambia mfugaji kwamba unapima ngitili yake ili kuilinda, atakuuliza unailinda kutoka kwa nani. Ndiyo maana kupima bila hatimiliki ya kimila mkononi ni kumwomba mtu aonyeshe mali yake hadharani kabla hajahakikishiwa kuwa ni yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati hizo. Zitoke kwanza, au zitoke siku moja na ramani. Na zitoke kwa jicho kali, kwa sababu hata huko Shinyanga wenye ng'ombe wengi ndio walioweza kufunga ngitili kubwa, na asiye na ardhi alibaki kuomba kuni kwa jirani. Ramani ikichorwa juu ya hali hiyo bila kuuliza, itaipiga mhuri.

Tusisahau pia kwamba uoto ukirudi, unarudi na wake. Shinyanga walirudi ndege wa aina zaidi ya mia na arobaini, na walirudi fisi. Kondoo walioliwa na mazao yaliyoharibiwa hayakuzidi faida, lakini yaliwapata watu fulani wenye majina, siyo wastani wa mkoa. Fomu ya kijiji isiyo na safu ya fisi itapoteza imani ya mwenye kondoo mwaka wa kwanza tu.

Yote haya yanataka fedha, na fedha ya kurudi shambani ndiyo inayokosekana daima. Miche ina kifungu chake; mafuta ya pikipiki ya afisa misitu kurudi kuangalia kilichopona hayana. Basi ningependekeza jambo dogo ambalo halmashauri inaweza kulifanya bila kungoja mfadhili. Lengo la milioni 1.5 lipunguzwe liwe milioni moja. Fedha ya miche nusu milioni iliyobaki igawanywe mara mbili: nusu kwa mafunzo ya kupogoa visiki, nusu kwa kamati za maliasili za vijiji kuhesabu viwanja vya sampuli mwishoni mwa kiangazi cha kwanza, cha tatu na cha tano. Kisichoonekana mwaka wa tatu kifutwe kwenye hesabu ya hekta milioni 5.2, na machipukizi yaliyolindwa yaingizwe kwa mara ya kwanza. Nakala ya hesabu hiyo ibaki ofisi ya kijiji, kwa mtendaji, pamoja na ramani. Wilaya ichukue ya pili.